Mikono Isiyokuja Kukaguliwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa shule ya Riamoni, juu kidogo ya soko la Keumbu, walikuwa na mazoezi ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha. Walijikuna. Walijikuna katikati ya vidole, wakajikuna viwiko, na mwenye bahati alipata kona ya ukuta akasugua mgongo kama ng'ombe. Mwaka huo wa 1971 upele ulikuwa umeingia shuleni bila kusajiliwa, na ulihudhuria masomo zaidi ya mwanafunzi yeyote.

Aliyesema maneno hayo kwa sauti ni Obwocha wa darasa la sita, naye akatolewa nje ya darasa kwa mzaha wake. Huko nje akaendelea kujikuna kwa raha zaidi.

Daktari Oyoo alipopanda kutoka mjini Kisii, alileta dawa mbili. Moja ilikuwa mafuta ya njano yaliyonuka kiberiti. Nyingine ilikuwa ya majimaji, nyeupe kama maziwa, isiyonuka sana. Akawaambia waziwazi kwamba zote mbili huua wadudu wa upele, ila hajui ipi itawafaa zaidi watoto wa huku wakijipaka wenyewe nyumbani. Basi kila mtoto akatia mkono ndani ya chungu bila kuchungulia, akatoa haragwe moja. Haragwe jekundu lilikuwa la mafuta ya njano, na jeupe la dawa nyeupe.

Bonareri, msichana ambaye hakumeza jambo kabla ya kulitafuna, aliuliza kwa nini kila mtu asijichagulie. Daktari akajibu kwamba wakijichagulia, wenye pua kali wote watakimbilia nyeupe, na pengine wenye upele mbaya wataachiwa njano. Hapo nani atajua kama mtu kaponywa na dawa, au upele wake ulikuwa mdogo tangu mwanzo?

Kabla chungu hakijarudishwa jikoni, shule ilikuwa imegawanyika kama timu mbili za mpira. Obwocha, aliyetoa haragwe jeupe, akajiteua kapteni wa Weupe. Bonareri akawa kapteni wa Manjano.

"Nyinyi mnanuka mpaka nzi wanahama," Obwocha alimtania.

"Heri kunuka na kupona kuliko kunukia na kujikuna," Bonareri akamjibu, bila hata kugeuka.

Majuma yakapita. Siku moja kabla ya Daktari kurudi kukagua mikono, Obwocha alikagua kikosi chake kisirisiri. Mikono ya rafiki yake Nyasani ilikuwa bado myekundu, imepasuka kama tope la kiangazi. Wachache wengine walikuwa vivyo hivyo. Obwocha hakufikiri sana. Uwanjani, mchezaji anayechechemea hukaa nje. Akawanong'oneza mmoja mmoja: kesho msije, tafuteni kazi huko nyumbani.

Siku ya ukaguzi, kila Mweupe aliyenyoosha mikono alikuwa na ngozi nyororo. Upande wa Manjano wengi walikuwa wamepona, lakini wawili watatu walikuwa na vipele bado. Weupe wakapiga makofi. Daktari hakupiga. Alikuwa akitazama nafasi zilizoachwa wazi kwenye madawati.

"Na hawa wengine?" akauliza.

Bonareri akasema asiyefika uwanjani ameshindwa, hata kama ni wa upande wake, kama Jemimah na Manasseh. Obwocha naye akawahi na jibu lake: "Wa kwetu wamepona, Daktari. Mtu aliyepona aje kukaguliwa nini?"

Darasa likacheka. Daktari akacheka pia, kisha akamuuliza taratibu, "Umeiona mikono yao?"

Obwocha akaanza kujikuna kiwiko kilichokwisha kupona.

Daktari akawaeleza kwamba Jumatatu lori litaleta dawa moja tu ya lokesheni nzima, yaani vijiji vyote vya huku, na watapakwa hata watoto ambao hawajaanza shule. Kwa hiyo hangetangaza chochote siku hiyo. Angelala kwa mwalimu mkuu na kulifikiria jambo hilo.

Lakini habari za Keumbu hazingoji daktari. Obwocha alipofika nyumbani, mama yake alikuwa amekwisha kusikia kwamba dawa nyeupe imeshinda. Alifurahi, maana Loice, kitinda mimba wake wa miaka mitatu, alikuwa amekaa mlangoni akilamba vidole vilivyochanika. Mama akasema wiki ijayo mtoto atapakwa hiyo dawa nyeupe, apate usingizi.

Obwocha akavitazama vile vidole. Akakumbuka siku Nyasani alipojipaka mara ya kwanza, jinsi alivyokimbia mpaka mtoni na kuzamisha mikono huku akilia. Yeye Obwocha alimcheka. Dawa ile haikuwa imemchoma yeye, kwa sababu ngozi yake haikuwa imechanika. Swali likaanza kumwasha kuliko upele: mbona wote aliowaficha walikuwa wale wenye ngozi iliyopasuka?

Asubuhi alimfuata Daktari na kumweleza kila kitu. Alitarajia kiboko. Daktari akasema, "Kumbe ulinionyesha nusu ya timu yako ukaniambia ndiyo yote. Haya, niongoze. Twende tukaione hiyo nusu nyingine."

Nyasani walimkuta kwenye migomba, akajaribu kujificha nyuma ya mgomba mwembamba kuliko yeye. Alipoona hapigwi, akakiri kwamba dawa ilimchoma kama pilipili, akaacha kujipaka siku ya pili na kuimwaga pale chini ya mgomba.

"Mgomba nao umepona?" Obwocha akamuuliza.

Hata Daktari alishindwa kujizuia. Lakini nyumba zilizofuata hazikuchekesha, kwa maana kila mmoja wa waliofichwa alikuwa na hadithi hiyohiyo.

Walipokaribia kwa Jemimah, Obwocha alikuwa amekwisha kupata kanuni: asiyekuja ana upele. Wakamkuta Jemimah amembeba mtoto mchanga. Mama yake alikuwa amejifungua juma hilo, na yeye ndiye aliyekuwa akipika na kufua. Mikono yake ilikuwa safi kabisa.

"Kwa hiyo asiyekuja si lazima awe mgonjwa," Obwocha akasema, akikuna kichwa ambacho hakikuwa na upele.

"Wala si lazima awe amepona," Daktari akajibu.

Kwa akina Manasseh mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akasema familia yote imehamia mashamba ya chai ya Kericho, hata hajui shamba gani. Obwocha akapendekeza wamhesabu amepona, wamalize kazi. Daktari akachuchumaa, akapanga mawe njiani, ya Weupe huku na ya Manjano kule, waliopona mbali na wasiopona. Akalisogeza jiwe la Manasseh kati ya waliopona: Manjano wakawa mbele. Akalirudisha kati ya wasiopona: Manjano wakawa mbele bado, ila kwa hatua fupi zaidi.

"Jibu halibadiliki, basi naweza kulisema," alisema. "Lakini nitasema pia kwamba mmoja hatukumwona. Wangekosekana akina Manasseh wengi, ningefunga mdomo."

Jumatatu lori lilileta mafuta ya njano. Daktari mwenyewe alikwenda na Obwocha nyumbani kwao, na kijana akamwambia mama yake alichokifanya, na ni nani angechomwa kwa sababu yake. Mama hakumpiga. Alimwonyesha ndoo, kwa kuwa nguo na blanketi zote zilipaswa kuchemshwa, na mto ulikuwa mbali.

"Wanaokuja ni rahisi kuwaona," Daktari alimwambia kabla hajashika ndoo. "Asiyekuja usimjazie jibu unalolipenda, wala unalolichukia. Mfuate umuulize. Usipompata, sema hujui. Ukificha wagonjwa ili dawa yako ishinde, hujaifanya dawa iponye. Umewaandaa wagonjwa wengine."

Mama akampaka Loice mkono mmoja. Mtoto akaunusa, akakunja uso mzima, akangoja uchungu. Uchungu haukuja. Akautoa mkono wa pili mwenyewe.