Siri Yangu, Mdomo Wangu

Foleni ya fotokopi siku ya usajili haina adabu. Watu walisukumana, mashine ikakwama, na karatasi za msichana mmoja wa sheria, mwenye gauni la kijani na hereni kubwa kubwa, zikamwagika sakafuni. Kijana wa uhandisi aliyekuwa nyuma yake, shati limenyooka kwa pasi, akainama kumwokotea. Mkono wake ukatua juu ya barua ya hospitali. Akaigeuza kifudifudi bila kuisoma, akamrudishia.

"Yako hii, Wakili."

"Umejuaje mimi ni wakili?"

"Umebishana na mwenye mashine dakika kumi. Na umeshinda."

Alicheka mpaka hereni zikatikisika. Basi mambo yakaanzia hapo. Yeye akabaki Wakili, kijana akawa Fundi, na simu zao zikawa zinaishiwa chaji kabla ya maneno kwisha. Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Wakili akamfungulia Fundi moyo: ana kifafa. Dawa zinamtuliza, ila zinampunguzia kasi ya kuandika. Darasani hakuna aliyejua, na ndivyo alivyotaka.

"Nakupenda hivyo hivyo," Fundi alisema.

"Hivyo hivyo ndiyo nini? Nipende vizuri!"

Kisha, asubuhi ya jaribio, kifafa kikamwangusha Wakili chumbani kwake, mbele ya Fundi aliyekuja kumsindikiza. Alipotulia akalala, Fundi, roho juu, akakimbia kwa mhadhiri kueleza, mpenzi wake asije akapewa sifuri. Nia njema, mdomo mwepesi. Kesho yake mhadhiri akatangaza mbele ya wanafunzi mia mbili: "Tumvumilie mwenzetu, ana kifafa." Na akamtaja jina. Msichana aliyeketi kando ya Wakili akasogeza mkoba, halafu naye akahama kiti.

Wakili alitoka nje akapiga simu.

"Nani kamwambia?"

"Mpenzi, nilitaka tu kukusaidia..."

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa umelala hoi."

"Ningeamka! Siri ni yangu, Fundi, na mdomo ninao."

Akakata. Alilia akashiba kulia, kisha akanawa uso, akafungua kitabu cha kanuni za chuo. Sasa alitaka kitu kimoja tu: kufanya mtihani wa mwisho kwa haki yake, bila ugonjwa wake kuwa tangazo.

Mkuu wa idara alimtazama juu ya miwani.

"Binti yangu, mambo kama haya aje mzazi."

"Kwa heshima zote, mwalimu, nina miaka ishirini na mbili. Ugonjwa ni wangu na mtihani ni wangu. Naomba nusu saa ya ziada na chumba kitulivu. Barua iseme hayo tu, ugonjwa usitajwe. Na aliyenitangaza aniombe radhi pale pale aliponitangazia. Kanuni yenyewe hii hapa."

Akakisukuma kitabu mbele yake. Mkuu aliisoma kanuni mara mbili, akachukua kalamu.

Wiki hiyo hiyo mhadhiri akaomba radhi mbele ya wale wale mia mbili, jasho likimchuruzika. Wakili akasimama.

"Nimepokea. Na mwenye swali aniulize mimi. Siumi."

Darasa likaangua kicheko, makofi yakafuata. Aliyehama kiti akarudi, uso umemshuka.

Siku ya mtihani wa mwisho Wakili alitoka kwenye chumba chake kitulivu akiwa amejibu maswali yote. Fundi alikuwa kwenye ngazi.

"Sikuja kukusemea," alisema haraka. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilidhani nakukinga, kumbe nakuziba mdomo."

Wakili alikuwa amemkumbuka mno kijana huyu. Hasira zikamwisha.

"Umekonda."

"Kwa ajili yako."

"Mwongo. Ni chakula cha bweni."

Simu ya Fundi ikaita.

"Ni mama. Anataka kumjua anayeninyima raha. Mimi nataka kumwambia nitakuoa, ukinikubali. Nikubalie, mpenzi. Na nimweleze nini juu yako?"

Wakili akaichukua simu mkononi mwa Fundi, akaipokea.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mkweo mtarajiwa. Nina jambo la kukwambia kunihusu, na nataka ulisikie kwangu."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu. "Sema, nakusikiliza."