Mafuta ya Ng'ombe kwenye Breki

Pascasie Umuhoza alikutwa chini ya mteremko wa Munigi, amelala kifudifudi, anapumua kwa shida, miguu haisikii kitu. Chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa imejibamiza kwenye mawe ya volkano.

Goma nzima ilikuwa ikimngoja. Mshonaji huyo wa Murara alikuwa ameahidi kusukuma chukudu yenye gunia la viazi hadi Kibumba, alale huko, kisha ateremke nayo mjini, ili watu wachangie utafiti wa saratani, ugonjwa uliomuua mama yake. Kila simu ilikuwa na picha yake. Basi Inspekta Havugimana hakukosa washauri. Kila mtu alimjua mwenye kijicho.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Onésime, aliyemwazima Pascasie chukudu. Hakuficha donge lake: yeye amebeba viazi maisha yake yote na hakuna aliyempigia makofi. Inspekta alimwelewa vizuri mno, kwani mwenzake alikuwa amepandishwa cheo juzi na tangu hapo yeye chakula kilikuwa hakimshuki.

Aliinama kuikagua breki, kile kipande cha tairi kinachokanyagwa ili kibane gurudumu la nyuma. Kilikuwa kimepakwa mafuta. Akanusa. Watu wa chukudu hutumia mafuta machafu ya gari, tena kwenye ekseli tu. Haya yalikuwa mafuta ya ng'ombe yaliyokaa siku nyingi. Kwao Inspekta, huko Masisi, waliwapaka mafuta hayo wagonjwa wasioweza kuinuka.

Akamwachia Onésime, akaenda hospitali.

Hospitalini mgonjwa huuguzwa na ndugu zake. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Séraphine, mdogo wake Pascasie, anamsugua mgongo. Harufu ilikuwa ile ile.

"Chukudu ililala wapi, mama?"

"Kwetu, Kibumba."

"Nani alikuwapo?"

"Mimi na yeye."

"Na haya mafuta?"

Mikono ya Séraphine ilisimama. "Ni ya mama," alisema.

"Ndiyo niliyoyanusa kwenye breki," alisema Inspekta.

"Nilitaka aanguke mbele ya watu, wamucheke. Sikutaka iwe hivi." Alizungumza polepole. "Miaka mbili nilikuwa namuosha mama, namugeuza, namupaka. Yeye anakuja na biskuti, anarudi mujini. Mama amekufa, ni yeye analia kwenye televisheni. Hakuna mutu aliuliza Séraphine ni nani. Niko na wivu, papa. Hata sasa, vile amelala hapa, watu wamejaa inje sababu yake."

Walidhani Pascasie amelala.

"Hata mimi nilikuwa na wivu," alisema, amefumba macho. "Kila nikifika, mama ananiuliza wewe uko wapi. Siku ya mwisho nilimushika mukono, akaniita Séraphine. Nikasema nitafanya kitu kikubwa, watu wajue na mimi ni mutoto wake."

Inspekta alitoa pingu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani kesi apewe yule mwenzake aliyepandishwa cheo.

Séraphine alijifuta mikono kwenye kitenge, akainyoosha. Kisha akamgeukia dada yake.

"Leo usiku nani atakugeuza?"

Pascasie hakuwa na ndugu mwingine.