Mstari wa 04:10

Jumamosi moja ya Agosti 2003, saa tano asubuhi, chai yote ya tanurini ilitolewa imeungua. Ukungu wa Usambara uliingia madirishani ukachanganyika na moshi, kiwanda kikawa kama ndoto ya mtu mwenye homa.

"Fungasha, Lusajo," alisema meneja Hadija. "Kesho nyumba ya kambi uiache."

Lusajo, mkaushaji, ana watoto watatu na kwao ni mbali, Tukuyu; angewapeleka wapi? Sabra, fundi wa kompyuta, alimwonea huruma. Ndiye aliyeweka huduma ya kupima joto kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya kiwanda: programu inayoanza yenyewe mashine ikiwashwa, inayofanya kazi kimyakimya na kuandika joto la tanuri kila dakika tano kwenye faili la kumbukumbu. Akalifungua.

10:05 joto 95
04:10 Lusajo amezima huduma
11:00 huduma imewashwa

"Si ushahidi huo hapo!" alidakia msimamizi Paskali. "Kazima tusione moto aliouchochea."

"Haki ya Mungu sijagusa!" alilia Lusajo. "Nilikuwa nje napokea majani."

Neno la siri walikuwa nalo watatu: Sabra, Lusajo na Paskali. Sabra aliutazama ukungu mpaka wakadhani amesinzia. Kisha akawapa Lusajo na Paskali karatasi mojamoja.

"Shikamoo, mzee Paskali. Naomba kila mmoja aniandikie saa ya sasa, kwa tarakimu."

"Marahaba. Mambo gani haya ya kitoto?"

Lusajo, anayenakili kutoka kwenye kioo cha mashine kila siku, aliandika 11:40. Paskali akaandika 5:40.

"Mashine huhesabu tangu usiku wa manane," alisema Sabra taratibu. "Saa nne na dakika kumi kwake ni 10:10. Mstari huu haukuandikwa na mashine, mzee. Umeandikwa na mtu anayehesabu kama wewe."

Loo, njia ya mwongo ni fupi! Paskali aliketi juu ya gunia.

"Leo binti yangu anaolewa Rangwi," alisema. "Niliomba ruhusa, meneja akaninyima. Nikachochea moto chai ikauke haraka, zamu iishe mapema. Nikazima huduma, kisha nikaogopa, nikaandika jina la Lusajo."

Hadija aliinamisha macho. Nje, gari la harusi lilipita likipiga honi, vigelegele vikazama ukunguni.

"Ungeniambia tu, mzee," alisema Lusajo, machozi yakimlengalenga. "Ningekushikia zamu."