Nitamshika Mimi

Kilichomwamsha Fundi ni harufu ya nywele zilizoungua, ingawa chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa kimetoka kupigwa deki kwa dawa kali. Alitaka kuziba pua. Mkono haukuja. Akavuta wa pili, nao umefungwa kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda. Mikono iliyoshonea mtaa mzima sare za shule, leo imefungwa kama miguu ya kuku wa sokoni.

Muuguzi alisema ni kwa usalama wake, asije akaung'oa mpira wa kupumulia. Alisema huku akiitazama mashine. Mwenye mikono hakutupiwa hata jicho. Na kwa mpira ule kooni, Fundi angejibu nini?

Mwenye harufu alitoka chini ya kitanda mchana kweupe. Alikuwa na umbo la mtu, ila usoni hakukuwa na kitu. Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vya baridi.

"Tulia, mama," alinong'ona. "Ni kwa usalama wako."

Kisha, kwa upole kabisa, akaubana mpira. Fundi akarusha miguu, kengele zikalia, muuguzi akaja mbio, na lile jini lilikuwa limeshauachia mpira na kujisogeza pembeni kistaarabu, kwa hiyo muuguzi akaona mgonjwa mkorofi anapigana na mashine, akakaza bendeji, akaongeza dawa ya usingizi, na kadiri Fundi alivyopigana ili aokolewe ndivyo walivyozidi kumkabidhi kwa adui yake. Aliwachukia wote.

Mdogo wake alipokuja kumwona, akakuta michubuko mikononi, akawaka. Muuguzi akamwambia, kwa shingo upande, kwamba bendeji zitafunguliwa endapo ndugu atakubali kumshika mgonjwa muda wote.

"Fungueni," alisema mdogo mtu. "Nitamshika mimi."

Jini likageuka kumtazama. Fundi akatikisa kichwa, akatikisa tena, machozi yakimwingia masikioni, na mdogo wake akadhani ni ya furaha, akazidi kumkumbatia, wala hakuona mkono mwingine ukijipenyeza ndani ya mkono wake kama unavaa glavu. Harufu ikatoweka.

Tangu hapo Fundi akapata nafuu, mpira ukatolewa, akarudi nyumbani. Alipowasimulia, wakamwambia ni dawa zilimchezea akili. Mdogo wake wakamsifu, maana hakubanduka kando yake.

Siku aliyorudi kwenye cherehani, Fundi alitunga uzi akacheka peke yake. Mlango ukafungwa nyuma yake. Nywele zilizoungua. Vidole vya baridi vikamshika kifundo cha mkono.

"Tulia, mama," alisema mdogo wake, ambaye maisha yake yote alimwita dada.

Safari hii Fundi alikuwa na sauti. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani, akamwona mdogo mtu amemkumbatia mgonjwa wake kwa nguvu.

"Pole, mwanangu," jirani alimwambia yule aliyeshika. "Usimwachie."