Nihame kwa Aibu ya Nani?

"Huko hakuna anayekujua, Wini. Ndiyo raha yenyewe."

Yeremia aliniambia hivyo akiwa amechuchumaa kando yangu mtoni, suruali ameikunja hadi magotini, ananisaidia kuosha karoti. Maji ya huku kwetu Mgeta asubuhi yanauma vidole. Niliiweka chini karoti niliyoshika.

"Hakuna anayenijua nini?"

"Mambo ya nyuma. Shule, mimba, midomo ya watu. Dakawa tunaanza upya. Nimepata shamba la mpunga, maji ya mfereji, na nyumba ya vyumba viwili. Fina nitasema ni wangu. Nani ataniuliza?"

"Na mimi nitasema nini?"

"Sema ndiyo, tuondoke kabla ya mwisho wa mwezi."

"Mbona haraka hivyo?"

"Mpunga hausubiri mtu," akasema, akarudi kwenye karoti zake.

Nieleze kidogo usije ukaniona mkorofi. Yeremia ni dereva wa Kanta, lori dogo linaloshusha mboga zetu Morogoro mjini. Ni mtu wa Musoma, mdomo wake mtamu na hachagui kazi. Nilimpenda siku alipomwona mwanangu Josephina, tunayemwita Fina, kwa mara ya kwanza. Hakuuliza baba yake yuko wapi. Aliuliza mtoto anapenda kula nini. Mwanamume wa namna hiyo ukimpata, unamshika kwa mikono miwili.

Lakini hilo neno "kuanza upya" lilinikera. Watu husema Winfrida aliacha shule kidato cha tatu. Sikuacha, nilitolewa. Enzi hizo binti akishika mimba alifungashiwa virago, na mwenye mimba yake, kama ni mwanafunzi, alikohoa tu na kuendelea na somo. Mwenzangu aliitwa Andrea, mtoto wa katekista wetu. Mbele ya mwalimu mkuu alisema ananifahamu kwa kuniona kanisani tu. Akafanya mtihani, akaenda chuo, sasa ana kazi mjini na viatu vilivyochongoka. Mimi nina jembe na mtoto wa miaka minne mwenye paji la uso la babu yake katekista, hadi wageni wanashangaa. Na kila mwaka anatokea mtu mwenye huruma wa kuniambia mimi ndiye nihame.

Jioni nilimkuta baba barazani, soda mkononi, kreti mbili za soda miguuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Yeremia amekuja kuposa. Nimekubali."

"Bila kuniuliza?"

"Wewe ulishajiuliza na Andrea, tuliona majibu yake. Mimi ni mzee wa kanisa, Winfrida. Nimechoka kusalimiwa kwa huruma. Nenda Dakawa ukaanze upya."

Mama alitoka jikoni na mwiko wake. "Kaka yangu umemwambia?"

"Kijana ni mtu wa Musoma. Kwao binti anaombwa kwa baba."

"Kwao. Hapa ni kwetu."

Baba akanywa soda. Alijua vizuri sana alichokifanya. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi inafuata huko huko. Matuta yote ninayolima ni ya ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba Bartholomeo. Baba mwenyewe alitoka Mikese akaja kukaa kwa mkewe. Yeremia hakujua, kwao baba ndiye kila kitu. Baba alijua, akaamua kunitoa kimyakimya kama mtu anayetoa takataka kabla wageni hawajafika.

Simu ya mama iliita kabla ugali haujaiva. Kijijini habari haina miguu ila inakimbia.

"Mpe Winfrida," sauti ya mjomba ilisema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unahama?"

"Nimehamishwa, mjomba. Mimi sijasema kitu."

"Usiseme kwanza. Fina ndiye mtoto wa kike pekee tuliye naye kwa rika lake. Ukimpeleka bondeni akakulia huko, hayo matuta nitamwachia nani, kabichi? Lakini sikufungi kamba. Mtu huhama akitaka. Nataka nijue ni nani anayetaka."

Nilijua jibu Jumapili.

Padri anatufikia mara chache, kwa hiyo ibada nyingi huongozwa na katekista. Baada ya matoleo akafungua karatasi ya matangazo ya ndoa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kujivuna ambayo hakuwahi kuitumia kwenye Injili:

"Tangazo la kwanza. Andrea, mtoto wa kigango hiki, anatarajia kufunga ndoa na Rahel, wa parokia ya mjini. Yeyote anayejua kizuizi chochote anawajibika kutoa taarifa."

Kanisa zima lilinigeukia. Fina alikuwa amelala mapajani mwangu. Najua mtoto si kizuizi cha ndoa, katekisimu nilisoma. Lakini babu mtu anasoma tangazo, mjukuu wake yuko benchi la nne, na hata jicho halielekezi. Nilitaka kusimama, mama akanishika goti.

Nje, mama Andrea alinifuata mwenyewe, kitambaa chake cha wanawake wa kanisa kimenyooshwa vizuri. Miaka minne hajawahi kunisalimia.

"Winfrida, mwanangu. Nimefurahi kusikia mnahamia Dakawa. Mungu hamtupi mja wake."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ile nyumba kaka yangu Amosi ameshaisafisha, ameweka na mlango mpya. Mkiwahi kabla ya tangazo la tatu itakuwa vizuri zaidi."

"Nyumba ipi?"

Akanitazama. "Si hiyo mtakayokaa? Shamba ni la Amosi. Nilimwombea Yeremia mimi mwenyewe, alime kama lake. Kwani hajakwambia?"

Uso wake ulibadilika alipoona wangu. Alijaribu kucheka.

"Nilitaka tu kukusaidia, mwanangu. Bibi harusi atakuja na ndugu zake. Si vizuri kwako kukaa unaangaliwa."

"Si vizuri kwangu?"

"Kwa wote."

"Mama, mimi sijaomba nisiangaliwe. Anayeogopa kuangaliwa ni mwanao. Mpelekeni yeye Dakawa, nyumba si ina mlango mpya?"

Nikamwacha pale. Nilipofika kwenye ngazi za njia ya nyumbani nikampigia Yeremia. Alikuwa mjini, nyuma yake kelele za wapakiaji.

"Shamba la Dakawa ni la nani?"

Nikasikia akisogea mbali na kelele.

"Yeremia, ni la nani?"

"La Amosi. Wini, sikia..."

"Ulijua Amosi ni kaka wa nani?"

"Nilijua. Mama Andrea aliniita, akasema anakuonea huruma, anataka upate maisha. Mimi dereva wa gari la watu, Wini. Nilipewa shamba, nyumba, na mwanamke ninayempenda kwa mkupuo mmoja. Ungekataa?"

"Ningeuliza bei."

"Hakuna bei."

"Bei ni mimi. Umekubali nifutwe kijijini kwetu ili harusi ya Andrea iwe safi. Na mtoto wake umekubali kumfunika kwa jina lako ili asijulikane. Nilidhani ulimpenda Fina. Kumbe ulikuwa umepewa kazi."

"Fina nampenda kweli."

"Basi mpende ukiwa huko huko."

Nikakata simu. Nililia njia nzima, nisikufiche. Ningeweza kumsamehe kunificha mwanamke mwingine, si kunificha hili. Usiku ule akatuma ujumbe: "Nimekosa. Sina la kujitetea." Sikujibu.

Mjomba aliitisha kikao nyumbani kwake Jumamosi. Hakumwita mtu kwa ugomvi; alituma neno tu kwamba ukoo unataka kuwaaga vizuri wanaohama. Mama Andrea alikuja akidhani mambo yameiva. Andrea alikuwa ameleta mchumba kuwaona wazee, kwa hiyo alikuja naye. Nilimwona Rahel kwa mara ya kwanza, binti mrefu, amevaa raba kwa ajili ya mlima, anawaamkia wakubwa mmoja mmoja. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Yeremia naye alifika, kwa miguu. Akakaa mwisho kabisa, kwenye gogo.

"Shemeji," mjomba akamwanza baba, "wewe ulipokuja kwa dada yangu ulikaa wapi?"

Baba akainamia kofia yake. "Hapa."

"Nani alikupokea?"

"Ukoo."

"Sasa mtoto wa ukoo unamgawa kwa kreti za soda?"

Mjomba akanigeukia.

"Winfrida, unahama?"

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakayeyuka, yakatoka yaliyobaki.

"Sihami, mjomba. Miaka minne naambiwa nihame. Nilitolewa shule nikaambiwa nikae ndani. Nikatoka ndani, nikaambiwa niende kwa shangazi. Sasa Dakawa. Nimemuua nani? Nilizaa. Sikuzaa peke yangu. Mwenzangu hajawahi kuambiwa ahame hata benchi la kanisa. Kama ni aibu, nionyesheni sehemu yake nimpe aibebe, ya kwangu nimeshaibeba, na mtoto nimemlisha, na nimemfundisha kusalimia."

"Haya ni mambo ya zamani," mama Andrea akadakia. "Watoto walikuwa watoto. Kwa nini tumwaibishe mgeni?"

Mgeni aliweka chini kikombe cha chai. Alimtazama Fina, aliyekuwa akichezea kokoto mlangoni. Akalitazama lile paji la uso. Akamgeukia mwenzake taratibu.

"Andrea, huyu mtoto ni wako?"

"Rahel, tutaongea tukirudi."

"Tumeshafika. Ni wako?"

Andrea aliangalia viatu vyake vilivyochongoka. "Ilikuwa zamani. Nilikuwa mwanafunzi."

"Na yeye alikuwa nani?" Rahel akauliza.

Niamini, miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali hilo. Si mwalimu mkuu, si katekista, si baba yangu. Aliuliza mgeni, aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko wote.

"Ningekukuta na watoto watano ukaniambia, tungeongea," Rahel akasema. "Uliniambia hapa kwenu kuna msichana anakusingizia, na kwamba anahama kwa sababu amejua kosa lake. Umenifanya nimchukie mtu nisiyemjua." Akavua pete, akaiweka juu ya kisahani cha chai. "Mzee, samahani kwa kuharibu kikao. Kuna gari la kushuka mjini?"

"Linaondoka Nyandira saa nane," mjomba akajibu. "Kunywa chai kwanza, mwanangu. Wewe hujaharibu kitu."

Tangazo la pili halikusomwa. Andrea aliambiwa na mjomba, mbele ya watu, kwamba mtoto anajulikana ni wake na ada ya shule anaijua njia ya kuifikisha. Hakubisha. Mama Andrea siku hizi anakaa benchi la nyuma, na mimi sijamwambia ahame.

Yeremia alinisubiri njiani kikao kilipoisha.

"Shamba nimerudisha," akasema. "Nilimwambia Amosi juzi."

"Unataka nikupigie makofi?"

"Hapana. Nilikuja ujue hata kama hunitaki. Nilifikiri nakuokoa. Kwetu mwanamke akiolewa anaondoka, nikaona ni jambo dogo kukuondoa. Sikukuuliza."

"Na bado hujaniuliza."

Akafuta jasho. "Unataka nini, Wini?"

"Nataka kumaliza shule. Mwalimu Rosa wa Nyandira ameanzisha darasa la jioni la wanaojitegemea, nimejiandikisha. Nataka Fina alime matuta haya akikua, akipenda. Nataka kupita kwa katekista nikiwa nimenyanyua shingo. Mume nikipata, awe nyongeza ya hayo, si badala ya hayo."

Aliangalia mlima muda mrefu, kabichi kwa kabichi.

"Basi nihame mimi," akasema.

Sikumrukia shingoni. Nilimwambia apite kwa mjomba, na alipita mara nyingi, na kila mara alilimishwa kwanza. Ilichukua msimu mzima wa njegere kabla sijamwita tena kwa jina bila kukunja uso. Alipoleta posa ya pili alimpelekea mjomba. Baba akaalikwa kama mgeni, akanyamaza kama mgeni. Mjomba alimuuliza swali moja tu.

"Kijana, nani anahama?"

"Mimi, mzee."

Jioni hiyo kaka yake alipiga simu kutoka Musoma. Yeremia aliweka sauti ya nje, mikono yake ilikuwa imejaa udongo.

"Yeremia, tumesikia vituko. Eti unakwenda kukaa kwa mwanamke, kwenye ardhi ya mwanamke, umetambuliwa na mjomba wa mwanamke. Sasa umeoa au umeolewa?"

Aliniangalia. Nilikuwa mezani na daftari la hesabu, Fina kapandisha miguu yake juu ya yangu. Nikamwacha ajibu mwenyewe.

"Nimeolewa, kaka," Yeremia akasema. "Harusi ni baada ya Pasaka. Mje na nguo za baridi."