Pointi za Kendi

Jumamosi saa nane mchana, Isiolo ikiwa imefurika watu wa soko, Gatwiri aliingia katika ukumbi wa gemu wa Hashi akiwa amebeba chai ya watu sita kwenye sinia na unga wa chapati kwenye nyusi. Alivaa dera la kijani lililopauka, leso kiunoni, na viatu vya wazi ambavyo kamba moja ilishikiliwa na pini. Hakujipamba kwa ajili ya mtu. Alikuja kuleta chai na kuiba dakika ishirini, maana nje ya hizo hakuwa na dakika nyingine iliyokuwa yake siku nzima.

Ukumbi ulikuwa na kompyuta kumi na mbili, feni moja iliyochoka, na vijana waliobishana kwa Kiborana, Kisomali na Sheng kwa wakati mmoja. Pembeni alikaa mwanamume wa miaka thelathini hivi, ovaroli la buluu lenye madoa ya grisi, shanga nyekundu na nyeusi mkononi. Kwenye skrini yake shujaa mnene mwenye ngao alikuwa anaugonga mlango wa mbao, paa, paa, paa, bila kuchoka.

"Huo mlango hauvunjiki," Gatwiri alimwambia, akimwekea kikombe.

"Utavunjika tu. Kila kitu huvunjika ukigonga vya kutosha."

"Umeanza kugonga saa ngapi?"

"Saa saba."

Gatwiri akauma midomo asicheke. "Si ufungue kufuli?"

"Siwezi. Pointi zangu zote ziko kwa ngao. Levo arobaini, zote ngao. Joka likinikanyaga sisikii kitu."

"Na mbao imekushinda."

Basi kwa wasioijua gemu hiyo, Milki ya Ukungu, mambo ni hivi. Kila mchezaji ana mhusika wake, na kila anapopanda levo anapewa pointi za kumjengea: upanga, ngao, tiba, upinde, uchawi, hata kufungua kufuli. Mabingwa wote husema chagua kitu kimoja ukizamie, kwa sababu mtaka yote hukosa yote. Tena pointi ikishawekwa haitoki, isipokuwa kwa Kikombe cha Usahaulifu, ambacho mhusika hupewa kimoja tu maisha yake yote. Akikinywa anasahau kila alichojua, kisha anapangwa upya.

Gatwiri akaketi kwenye kompyuta ya jirani na kumwita mhusika wake, Kendi. Kendi alikuwa mwanamke mfupi mwenye joho la kijivu. Alijua tiba kidogo, upinde kidogo, uchawi wa kuwashia moto, kuogelea, kupika supu ya uyoga. Vijana wa Hashi walimwita Duka la Jumla. Kendi akachuchumaa mbele ya mlango, akachokoachokoa, na mlango ukafunguka.

Yule mwanamume akageuza kiti chote kumtazama. "Nani huweka pointi kwa kufuli?"

"Mtu asiyependa kufungiwa," Gatwiri akajibu, kisha akashangaa amemwambiaje mgeni neno hilo.

"Naitwa Ekuam. Fundi wa pampu za visima. Pampu peke yake, usiniletee redio."

"Mimi ni Gatwiri. Mimi niletee chochote."

Alilitamka kwa mzaha, lakini ndio uliokuwa ukweli wake, na haukuwa mtamu. Miaka sita nyuma alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi huko Meru, mama yake alipopooza upande mmoja. Baba yake, Mzee Kaimenyi, alimpigia simu akamwambia rudi kidogo utusaidie hotelini. Kidogo hicho hakikuwahi kuisha. Hoteli yao ya Bulla Pesa ilimfundisha kupika pilau na githeri, kuwatuliza walevi, kuzibua sinki, kuendesha tuktuk, kumwosha mama na kumnyoosha mguu asubuhi na jioni. Kila alichojifunza kiligeuka kuwa kazi yake ya daima. Mji mzima ulimsifu kwamba anaweza kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama anapumua.

Mama alikuwa amepata nafuu sasa. Alitembea kwa mkongojo na kuwaamrisha wahudumu kwa sauti iliyofika barabarani. Gatwiri ndiye aliyekuwa amebaki palepale alipoachwa.

Mapenzi yalianza kwa simu za saa tisa, wakati wateja wa mchana wametoka na wa jioni hawajaja.

"Ngao yangu, uko wapi?"

"Niko chini ya tangi huku Burat. Wewe je, Duka la Jumla?"

"Ukiniita hivyo nakata."

"Usikate, mpenzi. Sema umekula."

"Mtu wa hoteli huulizwa kama amekula?"

"Huyo ndiye husahaulika."

Gatwiri hakuwa amekula. Aliegemea gunia la viazi, tabasamu likamjaa usoni mwenyewe asijue, mpaka sauti ya baba yake ikamwita kutoka mbele, na tabasamu likafunikwa kama sufuria.

Waliunda timu ya watu wawili, Emong, yule shujaa wa Ekuam mwenye ngao, mbele na Kendi nyuma yake. Kwa kuwa mara nyingi Gatwiri alikwama jikoni, alimpa Ekuam neno lake la siri ili amkusanyie zawadi za kila siku. Hashi alipotangaza mashindano, wakaanza mazoezi ya joka la mwisho, na kila mara walikufa likiwa limebakiza pumzi moja.

"Tiba yako ni ndogo," Ekuam alisema. "Kendi akinywa kile kikombe, akawa mganga mzima, tunashinda."

"Hanywi."

"Lakini mshika mawili..."

"Moja humponyoka, nimesikia. Hanywi, Ekuam."

Kulikuwa na jambo jingine. Tangu Julai simu yake ilikuwa na barua kutoka chuoni. Walikuwa tayari kumpokea tena, aendelee na mwaka wa pili, mradi aripoti Jumatatu ya kwanza ya Septemba saa mbili asubuhi. Asiporipoti, nafasi ingekwenda kwa mwingine na faili lake lingefungwa. Ekuam alikuwa ameonyeshwa barua hiyo. Baba hakuwa ameonyeshwa, kwa sababu kila Gatwiri alipofungua mdomo, baba alikuwa na habari yake ya furaha zaidi. Alikuwa anajenga hoteli ya pili Burat, karibu na kambi ya wanajeshi. Siku moja akamfunga macho kwa kitambaa, akampeleka kwa tuktuk, akamfungua mbele ya bango jipya. Gatwiri Hotel, liliandikwa, kwa herufi nyekundu.

"Ni yako," Mzee Kaimenyi alisema, machozi yakimlenga. "Utaiendesha mwenyewe. Tunafungua Jumapili, baada ya kanisa."

Jumapili yenyewe ilikuwa mkesha wa ile Jumatatu. Gatwiri alilitazama jina lake pale juu. "Asante, Baba," akasema. Angesema nini kingine mbele ya mzee anayelia?

Mashindano yakafika Jumamosi. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Ekuam alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja, na alichekacheka peke yake.

"Fungua, fungua uone," akamhimiza.

Gatwiri akafungua. Kendi alisimama kwenye skrini akiwa na joho jeupe asilolijua. Upinde haukuwapo. Moto haukuwapo, wala kufuli, wala supu. Pointi zote, miaka miwili ya dakika zilizoibwa, zilikuwa zimemwagwa kwenye tiba, na mahali pa kikombe palikuwa patupu.

"Umefanya nini?"

"Sapraizi. Nilikuona unaogopa kuchagua, nikakusaidia. Tena si wewe unataka kuwa nesi? Nimekufanya mganga kamili, mpenzi. Leo tunashinda."

"Umenifanya," Gatwiri akarudia polepole.

"Ni gemu tu, Gatwiri."

"Ni mahali pamoja tu duniani ambapo nilikuwa naamua. Kidogo hapa, kidogo pale, huko ndiko kulikuwa kuchagua kwangu. Nilikwambia hanywi. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi hukusahau. Uliona tu unajua zaidi."

Alisimama, akajifunga leso upya, akapita katikati ya vijana waliompisha. Hashi alimwita kwa jina mara mbili, hakugeuka. Maji yakimwagika hayazoleki, na kikombe kilikuwa kimoja.

Simu ililia jioni nzima. Hakuipokea. Kilichomuuma si hasira peke yake, kwa kuwa alimpenda mtu huyo sana, na mtu huyo alikuwa amemfunga kitambaa machoni kama baba yake.

Jumapili asubuhi, mandazi ya wageni yakiwa kwenye mafuta, simu ikalia tena. Akaipokea akidhani ni mwenye maziwa.

"Usikate," Ekuam alisema. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia. "Niko Leparua, pampu imekufa, mifugo imejaa hapa. Sikuombi msamaha kwa simu. Nataka kukuuliza kitu kimoja."

"Uliza."

"Wewe unataka nini? Sisemi Kendi. Wewe."

Mwiko ukasimama mkononi mwa Gatwiri. Akatafuta katika miaka sita mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, hakumpata. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Kesho saa mbili nataka kuwa Meru. Niripoti."

"Nikufanyie nini?"

"Usinifanyie kitu."

"Sawa." Nyuma mbuzi wakazidi kulia. "Ukimwambia mzee, naweza kuja kusimama tu? Ngao kazi yake ni kusimama."

Gatwiri alicheka huku akilia, na mandazi yakaungua.

Saa nane, Burat, watu walijaa chini ya turubai. Mchungaji aliombea milango, majiko na vikombe. Mzee Kaimenyi, kwa koti la kahawia na kofia yake ya sherehe, akashika kipaza sauti. "Huyu binti yangu," akasema, "hakuna kitu hawezi. Ndiyo maana nalala usingizi." Watu wakapiga makofi. Akampa Gatwiri kipaza sauti ashukuru.

Gatwiri alikuwa na gauni la kitenge cha njano, jipya. Nyuma kabisa alimwona Ekuam akiwa bado na vumbi la Leparua hadi magotini. Amesimama tu.

"Nashukuru wageni wote kuja," alianza. "Baba, nashukuru. Lakini kesho naenda Meru, narudi chuoni. Nimeitwa tangu Julai na nikaogopa kukwambia. Hii hoteli sitaiendesha."

Mzee Kaimenyi alimtazama kana kwamba amesikia vibaya.

"Kwa hivyo nimekukosea kwa kukuamini?"

"Hapana, Baba. Umeniamini sana. Hujaniuliza tu."

"Na mama yako?"

"Mama yake ako hapa," mama alisema, akijiinua kwa mkongojo. Mdomo wake ulikuwa bado unavuta upande, lakini kila mtu alimsikia. "Nilipona zamani, Kaimenyi. Nilinyamaza kwa sababu kuhudumiwa na mtoto wako ni kutamu. Mwanangu, unisamehe. Enda."

Mzee alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Watu wamekuja kula," akasema mwishowe, bila kumtazama binti yake. "Nani atawapikia?"

"Leo ni mimi. Kesho, sijui."

Mzee akaondoka kwenda kwa wageni. Hakumbariki, wala hakumkataza. Ilimuuma Gatwiri kuliko alivyotarajia, na bado hakutaka kulirudisha hata neno moja.

Jikoni alimkuta Ekuam ameketi juu ya ndoo, anamenya viazi. Alimenya vibaya sana, nusu ya kiazi ikienda na ganda.

"Kendi harudi," alisema bila kuinua macho. "Nimeuliza kila mahali. Nilikukosea, Gatwiri, na sina namna ya kulirekebisha."

"Najua."

"Bado umekasirika?"

"Bado. Lakini kaa."

Akakaa. Maji yakaanza kuchemka.

"Nilikuwa na swali lingine," Ekuam akasema. "Nilikuwa nimeliweka kwa ile siku ya mashindano, tukishinda. Nikuulize, ama ningoje?"

"Uliza."

"Utaolewa na mimi?"

Neno ndiyo lilimpanda Gatwiri kooni haraka, moto, tayari. Alilitambua. Lilikuwa lile lile alilompa baba kwenye simu miaka sita nyuma, lile alilompa kila mteja aliyegonga meza. Akalimeza, akafunika sufuria kwanza.

"Nakupenda," alisema. "Hilo najua. Hilo lingine sijui bado."

"Utajua lini?"

"Sijui."

Alimtazama aone kama atanuna, kama atabembeleza, kama atamsaidia kuchagua. Ekuam alitikisa kichwa taratibu kukubali, akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya.