Prosesa ya Marehemu Solange

Gaëlle ni binti wa mama yangu mdogo, tumekula sahani moja tangu utotoni, kwa hiyo ninachosimulia sikukiokota sokoni. Mimi natengeneza kompyuta hapa Masisi-centre. Jumatatu moja asubuhi, jua likiwaka vizuri, aliniita nikamtazamie mashine.

"Kaka Symphorien, inakula betri. Saa ine tu, inazima."

Ilikuwa kompyuta ya mezani aliyoiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, ikitumia umeme wa betri ya sola. Alikuwa akichapia watu barua katika chumba cha mbele cha nyumba ya mumewe, Jado. Kabla yake, chumba na kazi hiyo vilikuwa vya Solange, mke wa kwanza wa Jado, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Mama mkwe hakuchoka kumkumbusha Gaëlle kwamba siku za Solange mashine haikuzima ovyo, na kwamba ikiendelea hivi chumba atapewa mdogo wa Solange. Gaëlle alimwonea wivu marehemu yule kuliko mwanamke yeyote aliye hai. Picha zake zote alikuwa amezitoa ukutani.

Nikaanza kazi. Niliweka umeme kwenye mpango wa kuokoa. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, niliiamuru isivuke nusu ya nguvu yake. Nikafunga kila programu. Prosesa ikabaki mia kwa mia. Haikuwa na kazi yoyote, lakini ilikimbia, na feni ikalia.

"Hii prosesa ulitosha wapi?" nikamuuliza alikoitoa.

Akatazama mlango kwanza. "Mu mashini ya Solange," akanong'ona.

Nilikasirika, nasema wazi. Kwetu vitu vya marehemu havitumiki mpaka kilio kiondolewe, yaani ndugu wakutane kumaliza matanga, na kilio cha Solange kilikuwa bado, kwa sababu ndugu zake wako katika kambi ya wakimbizi ya Kashuga na barabara imefungwa. Mashine yake ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitenge. Gaëlle aliifungua kama sufuria yake mwenyewe.

Nikazima. Nikafungua skrubu nne, nikanyanyua feni. Kati ya feni na prosesa hupakwa dawa nyeupe ya kupitisha joto, nayo hubanwa kabisa. Katika dawa ile palikuwa na alama ya kidole gumba. Katikati yake ulipita mstari wa kovu. Solange alikatwa na kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, kwenye kidole gumba cha kulia, na sote tuliliona kovu lile kila alipotukabidhi karatasi.

"Ni wewe ulishika?"

Gaëlle akanionyesha kidole chake. Hakikuwa na kovu.

Nikafuta. Nikapaka upya. Nikakaza. Nikawasha. Mia kwa mia. Nikazima, nikafungua tena.

Alama ilikuwa pale.

"Irudishe," nikanong'ona. "Mpaka kilio kitoke."

"Hapana. Alikuwa na Jado, alikuwa na chumba, mama mukwe anamupenda mpaka leo. Hii siwezi kumurudishia."

Nikakusanya bisibisi zangu nikaondoka. Hasira ninayo.

Wiki sita baadaye aliniita nipulize vumbi. Mashine ilikuwa imetulia. Ikipumzika, prosesa ilishuka hadi tano kwa mia, na betri ilifika jioni bila shida. Mama mkwe alikaa mlangoni akicheka naye, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikanyanyua feni. Dawa ilikuwa safi, haina alama yoyote. Nikamshukuru Mungu.

Gaëlle akaniletea maziwa, akanipa kikombe kwa mkono wa kulia. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu. Mstari mmoja, mweupe, wa zamani.

"Ulijikata lini?"

"Hii? Kisu ya sombe, kitambo sana." Akatazama mashine, sauti ikashuka. "Ule mwanamuke alikuwa anataka vitu yangu yote, Papa Symphorien. Hata bwana yangu."

Nikaweka kikombe chini bila kunywa. Gaëlle ameniita kaka tangu ajue kusema. Aliyekuwa akiniita Papa Symphorien ni Solange.